Zafarani kwenye boliti

Ijumaa. Manyunyu tangu alfajiri hapa Umwe, na mimi moyo mzito.

Ukurasa huu mjukuu wangu alinifungulia niandike mambo yangu. Shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo anayetaka kucheka herufi zangu acheke akamalize. Leo naandika aibu yangu mwenyewe.

Mwanangu Seifu ana pikapu kuukuu. Siku moja gari linawaka, siku nyingine ukizungusha ufunguo linasema "tik" na kunyamaza. Tukilipeleka kwa fundi kule mjini Kibiti, linawaka mara moja kama lina adabu. Fundi akabadilisha betri. Akabadilisha starta. Tukirudi nyumbani, tik.

Mwaka jana mkwe wangu Mwanahawa alishikwa na uchungu, gari likasema tik. Wanaume wakasukuma kwenye tope mpaka likakubali. Tulifika hospitali tumechelewa. Mtoto tulimzika siku ileile.

Sasa Mwanahawa ana mimba tena, imeingia mwezi wa tisa.

Leo nilimwita fundi aje hapa hapa, nikamwambia haondoki mpaka gari likatae mbele ya macho yake. Saa nne likakataa. Seifu akataka kulisukuma, fundi akamzuia: "Liache hivyohivyo, kaka. Gonjwa halichunguzwi likishapona."

Akachukua waya mnene, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Seifu akazungusha ufunguo. Likanguruma! Wakalizima, akautoa waya, ufunguo ukazungushwa tena, likarudia tik. Akarudia mara tatu, majibu yaleyale.

"Betri nzima, starta nzima," akasema. "Waya wa hasi ndio umeoza unapofungwa kwenye injini. Kwa hiyo kutu, umeme mara unapita, mara haupiti."

Akafungua boliti. Ilikuwa imeliwa, ina ungaunga wa kijani, na juu yake madoa ya manjano. Akayakwangua kwa ukucha, akanusa.

"Bibi, humu mnapikia pilau? Zafarani imefikaje?"

Seifu akacheka. Mimi sikucheka.

Ni kombe. Tangu gari liingie uani, kila Ijumaa nachukua kwa shehe maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, nafungua boneti, namwagia injini kuzuia hasidi. Kombe ni la kunywewa na mgonjwa, shehe hakuniambia nikanyweshe chuma. Nilijituma mwenyewe. Na gari lilivyozidi kukataa, ndivyo nilivyozidi kumwaga.

Bibi yake mama yangu alikuwa mtoto wakati wa vita vya Maji Maji. Baba yake bibi huyo alinyunyiziwa dawa, akaambiwa risasi za Mjerumani zitakuwa maji. Akaondoka upande wa Mohoro, hakurudi, hata kaburi lake hatulijui. Habari hiyo nimewasimulia wajukuu miaka mingi, na kila mara namalizia kwa kumwita mjinga.

Mzee wa watu alikwenda na mwili wake mwenyewe. Mimi nilikwenda na mtoto wa mwenzangu.

Fundi alisugua chuma kikang'aa, akafunga waya mpya. Gari limewaka kila tulipojaribu, likiwa baridi na likiwa moto.

Ningeweza kunyamaza. Fundi ameshaondoka, na Seifu anadhani zafarani ilimwagika sokoni. Lakini mimi ndiye ninayewasema watu barazani kwa uongo wao. Baada ya alasiri nikamfuata Mwanahawa jikoni, nikamweleza yote nimesimama.

Akaacha kuchambua mchele.

"Mama, na wiki ile ya mwanangu ulimwaga?"

"Nilimwaga."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akasema, "Kaniwashie hilo gari, nisikie."

Nikaenda, nikazungusha ufunguo kwa mkono wangu. Likawaka. Akasikiliza kutoka mlangoni, mkono tumboni, mpaka nikalizima.

"Tena," akasema.

Nikawasha tena.