Kengele ya Deolinda

Vale de Urze, mwanzo wa Julai

Kwako mjukuu wangu Lourenço,

Huna haya. Nimetanguliza hilo kabla ya salamu ili ujue hasira yangu ilivyo, na salamu sasa zifuate, kwa sababu sikukulea kama ng'ombe. Hujambo? Kifua hakijambo? Baragumu lako unalipuliza kwa mashavu bado, au umejifunza kupumua kutoka tumboni kama mama yako wa ubatizo alivyokuwa akikukemea? Unakula nini huko Ujerumani? Mara ya mwisho ulipokuja, mbwa wetu alikuwa bado anaona. Sasa haoni, na hata angekuwa anaona asingekujua, angekung'ata kama mgeni mwingine yeyote. Sisi tuliobaki ni wazima. Goti la kushoto linaniuma mvua ikikaribia na la kulia linaniuma mvua ikikataa, kwa hiyo sikosi kazi. Mizeituni ilichanua vizuri. Paka amezaa ndani ya kabati lako la nguo, juu ya lile koti unalolitafuta. Hayo ndiyo mema.

Nilikupigia simu mwezi wa pili. Ikapokea mashine yenye sauti yako, inasema Kijerumani. Nikaiamkia, haikuitika, nikakata. Niliyokuwa nayo hayakuwa maneno ya kuambiwa mashine. Kama umesimama, kaa. Deolinda, mama yako wa ubatizo, amefariki. Alifia kitandani kwake Jumapili alasiri, mkono wake umo ndani ya mkono wangu, akilalamika kwamba supu yangu ya kabichi haina chumvi. Hakuteseka. Lia kwanza, halafu urudi uendelee kusoma, kwa maana kifo chake ndicho kilichotuvuruga mji mzima na kidogo kitupotezee okestra.

Kiongozi mpya wa okestra ya mkoa, Maestro Evaristo Quintela, ninakaa naye hapa nyumbani. Nimempa chumba chako, wewe hukitumii. Mtu mwembamba, shingo ya bata, anakula kama mgonjwa lakini anaosha vyombo bila kuambiwa. Sitamnyima sifa yake. Kabla hajaja kutoka Lisbon, wapigaji wetu walikuwa wakipiga muziki kama watu wanaoshusha kabati ngazini, kila mmoja anavutia kwake. Yeye aliwakalisha chini akawafanya wasikilizane. Akawatuma shuleni wafundishe watoto, akawapeleka kwenye nyumba ya wazee wakapige wakati wa kifungua kinywa, na kule kwenye kiwanda cha sufu kilichofungwa akafanya ukumbi wa mazoezi, madirisha wazi, sisi tunaanika nguo huku tunasikiliza. Watu wakampenda. Hata Zeferino, mpiga kengele wa kanisa, ambaye hapendi sauti yoyote asiyoitoa yeye, alikuwa akimvulia kofia.

Basi wakaja watu wa redio kuchukua muziki wetu kanisani, usikike nchi nzima. Maestro akasema kengele ikigonga saa katikati ya kile kipande cha polepole itaharibu kila kitu. Akamwendea Padre, na Padre wetu unamjua, hawezi kumkatalia hata mbuzi aliyepanda altareni. Zeferino akaamriwa auviringishie blanketi ulimi wa kengele na kuufunga kamba. Alisema hakuna mtu aliyewahi kuifunga kengele ile mdomo, hata wanajeshi hawakuthubutu. Padre akamwambia ni kwa alasiri moja tu, na aache kununa.

Alasiri hiyohiyo ndipo Deolinda alipokata roho. Nilimfumba macho, nikafunga kilemba, nikateremka mwenyewe na magoti haya hadi kanisani ili kengele ipigwe. Mlango umefungwa. Nikagonga. Akatoka kijana wa redio, kidole mdomoni. Nikamwambia kuna mtu amekufa. Akaniambia kwa upole kabisa, kama anayembembeleza mtoto, bibi subiri kidogo, kipande kinakaribia kwisha. Nikasubiri. Kipande hakikwisha. Ndani mji wote umekaa, Zeferino naye kabanwa katikati ya umati, na mimi nje nasikia fidla zikilia kwa utamu kwa ajili ya mtu mwingine. Walipofungua mlango jua lilikuwa limekwisha kuzama.

Unajua desturi yetu, labda Wajerumani hawajakusahaulisha. Kengele ya msiba hupigwa mchana, pumzi ikitoka tu, ili kila mtu aache alichoshika aende mlangoni pa kanisa kuuliza ni nani. Jua likizama haipigwi tena, na kesho yake ni kengele ya maziko, ambayo ni nyingine. Kwa hiyo Deolinda aliondoka bila kutangazwa. Mwanamke aliyewakanda watoto wa nusu ya mji huu walipoumwa na tumbo, akaingia kaburini kama aliyetoroka.

Watu waliona aibu, kwa kuwa wote walikuwa mle ndani wakipiga makofi huku yeye anapoa. Na kwa kuwa aibu inawasha, wakamtupia Maestro. Tamasha lililofuata, hakwenda mtu. Viti vitupu. Watoto wakaachishwa mafunzo. Mwoka mikate akamwambia mkewe, ambaye ni mpiga fidla, kwamba asipige mazoezi nyumbani, unga unashindwa kuumuka. Wakubwa wa mkoa wakapata habari, wakasema kama hadi sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi wa sita, viti bado ni vitupu, okestra itahamishiwa mji wa pwani, ambako watu wana masikio. Fikiria. Nusu ya wapigaji wameoa na kuolewa hapa. Wakiondoka, tunabaki na mkahawa mmoja na makaburi.

Nikamwambia Maestro apite nyumba kwa nyumba aombe radhi. Akasema anasikitika kwa msiba, lakini hawezi kuomba radhi kwa kutaka kimya, maana muziki usio na kimya ni kelele. Nikamwambia Deolinda sasa anacho kimya cha kutosha, aende akamuulize kama ni kitamu. Aliacha sahani yake mezani akaingia chumbani. Nikamfichia fimbo yake ya kuongozea ndani ya pipa la unga, nikamwambia ataipata akishaomba radhi. Unajua alifanya nini? Aliongoza mazoezi wiki nzima kwa sindano yangu ya kufumia, na sweta lililokuwa kwenye sindano hiyo, ambalo lilikuwa lako, likafumuka lote.

Wenzetu nao hawakuwa afadhali. Nilimwendea Ermelinda wa duka la dawa, maana yeye akienda mahali wanawake wote huenda. Akaniambia atakwenda kumsikiliza yule bwana siku mama yake mwenyewe atakapozikwa kimyakimya. Nikamwambia wewe Ermelinda ulikaa safu ya nyuma kabisa karibu na mlango, na kofia yako mpya, ukanisikia nikigonga na kukuita, na hukugeuka. Akasema alidhani ni upepo. Nikamwambia upepo wa wapi unaoita jina lako. Akaniuzia bendeji ya mtoto kwa goti langu hili, kwa makusudi.

Asubuhi moja naanika shuka, nasikia kengele. Si kupigwa, ni kugongwa taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa ufunguo, ti, ti, ti, anaacha, anarudia. Nikainua macho, nikaona shingo ya bata kule juu mnarani. Maestro ameliweka sikio lake kwenye kengele. Alishuka na mavi ya njiwa begani, akakaa jikoni, akasema, bila kunitazama, akiuambia mtungi wa zeituni, kwamba sauti ya kengele yetu iko chini kidogo ya ile sauti ambayo okestra yote hujipima nayo. Ndiyo sababu alikuwa akiichukia. Kila saa ilipogonga, ilifanya wapigaji wake waonekane waongo. Kisha akasema kwamba siku zote wamejipima kwa zumari. Wangeweza kujipima kwa kengele. Nikamwambia hayo mambo ya kupima siyajui, lakini kama maana yake ni kwamba yeye ndiye atakayeishukia kengele badala ya kengele kumpandia yeye, amechelewa sana. Nikamrudishia fimbo, imejaa unga.

Mpiga zumari, Graciano, alitukana hadi Padre akafunga dirisha. Fidla unalegeza nyuzi basi, yeye zumari lake lina urefu lilionao. Ilibidi achonge mianzi mipya ya kupulizia, akaiharibu, akachonga tena, akisema kwamba amesoma miaka yote ile ili aje afundishwe kazi na chuma cha kanisani. Lakini alichonga.

Ikafika siku ya Mtakatifu Yohana, jua bado liko juu. Nje kila nyumba ina moto wa mkaa na sardini juu yake. Ndani ya kanisa kuna okestra, wakubwa wa mkoa wenye tai, mimi, na mbwa kipofu. Maestro akamwomba Zeferino apige kengele ya msiba ya Deolinda. Zeferino akajibu kwamba haijawahi kupigwa kwa mtu aliyekwisha kuzikwa. Akafikiri. Akasema pia haijawahi kufungwa mdomo, kwa hiyo moja limelipia jingine. Ila anayevuta kamba lazima awe mtu wa nyumba ya marehemu, na Deolinda hakuwa na mtoto. Alikuwa na wewe. Wewe ulikuwa Ujerumani. Nikaishika kamba mimi.

Unajua mapigo sita ya msiba wa mwanamke, mawili, kimya, mawili, kimya, mawili. Nilivuta la kwanza. Na kengele ilipoanza kufifia, okestra ikaichukua pale pale, chini kwa chini, sauti ileile, hata usijue chuma kimeishia wapi na watu wameanzia wapi. Lourenço, mimi si mtu wa kusifu. Nilivuta la pili nikiwa sioni kamba.

Mji ukasikia kengele ya mwanamke. Nani atabaki? Walikuja na aproni, na koleo za moto mkononi, wanaulizana ni nani, ni nani jamani. Ermelinda alikuja na ndara za ndani. Padre mlangoni akawaambia ni Deolinda. Pakawa na ukimya ambao Maestro angeweza kuwauzia watu wa redio. Kisha Ermelinda akasema, kwa sauti ya kusikika hadi altareni, kwamba amevutwa kama mbuzi kwa chumvi na kwamba sardini zake sasa ni makaa. Akaenda kukaa safu ya mbele. Wengine wakamfuata, viti vikaisha, watu wakasimama hadi nje. Muziki ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Maestro akageuka, akasema aliifunga kengele mdomo na hakupaswa. Hayo tu, na sauti yake ilikuwa mbaya. Mwoka mikate akajibu kutoka nyuma kwamba yamekwisha, ila kesho wapigaji waje wawaokee watu sardini nyingine.

Okestra inabaki. Wakubwa wa mkoa wamesema hivyo, na watoto wamerudi kwenye mafunzo. Usidhani nimepumzika. Sasa kila mzee anataka apigiwe hivyohivyo akifa. Mzee Bento ameshachagua wimbo wake na anafanya mazoezi ya kulala chali. Maestro anasema okestra si chombo cha mazishi, halafu namsikia ukumbini anamuuliza Bento kama anaupenda kwa haraka au polepole.

Sasa nikwambie jambo. Umeshangaa mwandiko huu umenyooka, unajua mimi shule niliiona kwa nje tu. Anayeandika ni yeye. Maestro Quintela mwenyewe, amekaa mbele yangu, ameandika shingo ya bata na mengine yote bila kuinua kichwa. Nitampelekea Ermelinda anisomee kabla ya kubandika stempu, na tusi moja likikosekana nitajua. Alisita mara moja tu, pale niliposema nilisubiri mlangoni na kipande hakikwisha. Akaweka kalamu chini. Nikamwacha. Halafu akaishika tena.

Yeye hataki kuandika hili linalofuata, ila ataandika. Mpiga baragumu wake alichoka kungoja viti vijae, akaenda pwani. Kiti kiko kitupu. Kutwa Maestro ananiuliza habari zako kama anayeuliza hali ya hewa.

Na lingine ni langu. Nilivuta mapigo matano. Nilipofika la sita niliiachia kamba. Zeferino akanitolea macho, Maestro ameinua mkono analingoja, halikuja, akawaacha wapigaji wafifie. Lile si langu. Mji mzima ulihesabu, na kila nikienda kununua mkate naulizwa kijana wa Deolinda anakuja lini kumalizia.

Graciano anakusalimu, Zeferino anakusalimu, hata Ermelinda anakusalimu na anasema uvae kofia huko kwenye baridi. Mimi nakubusu paji la uso, kisha nakuzaba kofi.

Ukija, njoo na baragumu na jua likiwa bado juu. Usianzie kwangu. Nenda kanisani, mwombe Zeferino kamba, upige lile lililobaki, ndipo uje ule.

Bibi yako,
Felismina

(Msalaba huu hapa chini nimeuchora mimi mwenyewe.)

+