Dhahabu ya Baba Ndani ya Pete Nyeusi

Mama Karambu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka mtaa wa Majimbo hapa Embu, kwa msomaji wa safu yako, na unisamehe nikiandika ovyo ovyo, maana tangu Younis aje kwetu na wazee wake na mama akakubali, mimi silali wala sili vizuri kwa furaha tu, nikifagia nacheka, nikipiga foleni benki nacheka, hata mwenye nyumba ameniuliza kama niko sawa.

Younis ni dereva wa miraa, anapakia mjini Maua na kuteremsha Nairobi. Yeye ni Mwislamu na mimi ni msichana wa kanisa kutoka Siakago, na hilo tulishalimaliza na wazee wa pande zote mbili, kwa hiyo usihangaike nalo. Shida yangu ni pete. Nilitaka Younis avae pete ya ndoa ya marehemu baba yangu, Mzee Mbaka, dhahabu kabisa si ya kupakwa, ambayo mama aliivua kidoleni mwa baba hospitalini akaifunga kwenye leso na kuniwekea mimi, kwa sababu mimi ndiye kitinda mimba na baba alikuwa akiniambia atanishika mkono siku ya harusi yangu hata kama itabidi atembee na fimbo. Hakufika. Basi nilipomtajia Younis pete ya dhahabu, kabla hata sijasema ni ya nani, akacheka akaniambia, "Dhahabu kwa mwanaume kwetu hapana, Phyllis. Wewe ndio utavaa. Mimi nitafutie tu nyeusi, ile simple, haionyeshi vumbi." Na dada yake Nasro akakazia, "Dhahabu ni ya wanawake, wifi. Ukimpa huyu atakurudishia." Sikusema ni ya baba.

Nikaanza kutafuta nyeusi, na kumbe hiyo nyeusi ina aina nyingi hivi. Kwa Kinoti, sonara mmoja wa Meru karibu na soko la Gakoromone, nilionyeshwa chuma cha stenlesi kilichopakwa rangi nyeusi, pete nzuri ajabu, lakini yeye mwenyewe akakiri kwamba ikisuguana na usukani kwa muda itaanza kuchubuka, halafu ya madini ya tungsteni, nzito, inang'aa kama kiatu cha polisi, halafu kauri ambayo ni nyeusi hadi ndani, na mimi nikazijaribu zote kwenye dole gumba langu maana ndilo linalokaribia kidole cha Younis. Kisha nikamuuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuyeyusha pete ya dhahabu akaitandaza ndani ya hiyo nyeusi, isionekane. Akanitazama. "Tungsteni haikubali, madam," akasema. "Hiyo ni ngumu sana. Kauri nayo nikiilazimisha itapasuka. Lakini niko na mpingo. Hiyo ni mbao, na mbao lazima niiwekee kitu ndani ndio ishike. Hapo dhahabu yako inaingia."

Mama Karambu, nilitaka kumkumbatia. Hebu fikiria, nje mpingo mweusi vile anavyotaka, ndani dhahabu ya baba ikimgusa ngozi kila siku, na hakuna anayejua ila mimi na Kinoti. Baba atakuwa harusini. Nimeshaacha oda, na Ijumaa Kinoti anaanza kuyeyusha. Ila juzi Younis alinipigia simu akasema pete nitakayomchagulia hataivua, atazeeka nayo, na badala ya kufurahi, nikamkatia simu, na sijui kwa nini. Kwa hiyo swali langu ni hilo tu: niendelee na mpingo au nichukue tungsteni?

Phyllis, Majimbo

Phyllis mwanangu,

Kwanza hongera. Barua yako imenichekesha nikiwa peke yangu mezani, na nilipofika kwenye ile leso ya mama yako ikaniliza. Pole kwa Mzee Mbaka. Sasa kaa chini tusemezane.

Unaniuliza habari ya mpingo, lakini hukuuchagua mpingo kwa sababu unakifaa kidole cha Younis. Umeuchagua kwa sababu una mahali pa kuficha. Huyu ni mtu wa kukaza kamba za mizigo na kubadilisha magurudumu barabarani, na mikono yake inaingia maji mara tano kila siku kabla ya swala. Mbao na maji ya kila siku, wapi na wapi? Halafu hilo la udhu ndilo lililonifanya nishike kichwa. Mtu akitawadha huizungusha pete yake au huivua ili maji yafike kwenye ngozi. Anasema hataivua? Ataivua asubuhi ya kwanza ya ndoa yenu, amesimama bombani, aone njano inang'aa ndani. Utamwambia nini, kwamba ni kutu?

Na hata asingeiona, bado ungekuwa umekosea. Alikuambia kwa mdomo wake kwamba havai dhahabu, nawe ukapanga kumvalisha kwa hila kisha ukaiita zawadi. Mkono wako ulijua mapema kuliko wewe, ndiyo maana ukakata simu.

Sasa soma barua yako tena. Younis alisema nini? "Wewe ndio utavaa." Nasro alisema nini? Dhahabu ni ya wanawake. Watu wawili wamekupa jibu, wewe ukasikia nusu yake tu ukakimbilia Gakoromone. Na huyo mchumba unayemfichia, masikini, hajui hata kwamba kuna pete ya baba.

Leo hii mpigie Kinoti simu, asiwashe moto wake. Ukimaliza, mpigie Younis umweleze yote, ya leso na ya fimbo. Jibu hili nimekutumia kwa simu kabla ya kuchapwa, tena makusudi, kwa sababu gazeti letu linafika Maua, na madereva wanaosubiri mizigo husoma hadi matangazo ya vifo.

Yeye mnunulie tungsteni nyeusi, na uhakikishe ndani haijapakwa rangi ya dhahabu, maana ziko za namna hiyo. Aende mwenyewe akapimwe kidole, jioni, baada ya kupakia, vidole vikiwa vimejaa, kwa sababu tungsteni haipanuliwi. Hayo mambo ya kupima kwa dole gumba lako yaache. Na akiwa anapakia aiweke mfukoni au avae ile pete laini ya silikoni, inayonyumbuka kama mpira, kwa maana kamba ikinasa pete, kidole nacho kiko hatarini.

Hiyo ya dhahabu isiyeyushwe. Ipunguzwe tu ikutoshe, na Younis akuvishe yeye mwenyewe mbele ya mama yako. Mzee Mbaka hakuahidi kumshika Younis mkono, mwanangu. Aliahidi kukushika wewe.

Mama Karambu