Hamza Hatapata Korosho

Mtawanya, Jumapili, Oktoba 2008. Joto kali, mvua inatishia tu.

Natangaza kwa masikitiko makubwa kwamba Hamza, fundi wa mashine ya kusafisha damu kule Dar, ameondolewa rasmi miongoni mwa wanaopata korosho zangu. Bendera zisishushwe.

Nimekuja kwa dada yangu Somoe kupumua kidogo. Jumanne naunganishwa tena kwenye mashine, maana figo zangu zilishastaafu kabla yangu.

Daktari aliagiza nikae kwenye mashine muda wa saa nne kila mara. Hamza akitaka kuwahi mpira, ananitoa mapema. Robo saa, siku nyingine nusu. Na mpira wenyewe, timu yake inafungwa!

Watu hudhani ni dakika tu. Kuna uchafu uliojichimbia mwilini unaotoka taratibu mno. Ukikatisha muda, unabaki nao. Mimi nabaki nao. Nawashwa, najikuna kama mbuzi ukutani, miguu inavimba kama mihogo ya Newala.

Kwa hiyo nikaamua kulipiza.

Somoe hunitumia korosho kwa basi. Mimi nimekatazwa kuzila, basi nagawa wodini. Nilipompigia kumweleza, aliwaka: "Usimpe hata ganda, kaka! Mmakua ukimchekea atakuvua suruali!"

Hamza ni Mmakua wa Masasi, sisi Wamakonde. Ni watani, hakuna wa kununa.

Ijumaa nikagawa kitanda kwa kitanda, wauguzi, hadi mfagiaji. Hamza nikamruka.

"Mtani, zangu?"

"Zako nimezikata robo saa."

Wodi nzima ikacheka. Sitadanganya, ilikuwa tamu kuliko korosho.

Sasa ukweli wenyewe. Ijumaa hiyohiyo, saa ya mwisho kwenye mashine, misuli ya mguu ilikaza, nikapiga yowe. Mimi, mdai mkuu wa muda, nikalia: "Hamza, nitoe!"

Akapunguza kasi ya mashine kunivuta maji mwilini, akafungulia dripu, akaunyoosha mguu wangu mpaka ukalegea.

"Hutoki, mtani. Umeniaibisha mbele ya watu kwa ajili ya robo saa. Leo utaimaliza yote."

Nikaimaliza. Usiku sikuwashwa, nililala kama mtoto aliyenyonya.

Nilimshukuru, tena kwa moyo wote. Korosho sikumpa.

Jumanne napita tena na mfuko. Akinifikisha mwisho, tutazungumza. Akinikatisha, ataambulia harufu.