Damu ya Baba Haijatulia

Jumanne, 5 Februari 2019

Baba ametoka chumba cha upasuaji saa saba mchana. Mzima. Daktari Tynaliev alinionyesha kilichokuwa kimeziba mshipa wa shingo, upande wa kushoto — kipande cha manjano, kigumu, hakijai hata kifuniko cha chupa. Ndicho kilichomlegeza mkono mwezi wa Desemba, kalamu ikamdondoka mbele ya wajukuu. Wamekitoa, na mshipa umeshonewa kiraka cha kitambaa.

Damu yake nachukua mimi. Wenzangu wa maabara walisema tuachie, Saikal, wewe ni mtoto wake, mkono utatetemeka. Haukutetemeka. Miaka kumi na miwili nachota damu za watu hapa Bishkek.

Asubuhi kabla ya kisu: chembe nyeupe 6.8, nyutrofili 60 kwa mia, limfosaiti 31. Jioni hii: 14.2, 86, 8. Sijashtuka. Ndivyo inavyokuwa kwa wote walio kwenye utafiti wa daktari, wanaopimwa damu kila mara baada ya kisu. Mwili haujui kwamba umetibiwa, unajua tu kwamba umekatwa na kwamba shingoni kuna kitambaa kigeni. Nyutrofili, askari wa kwanza kukimbilia kidonda, wanakurupuka, limfosaiti wanapungua. Siku ya tano, ya sita, hesabu hurudi palepale.

Jumatano, 6 Februari

12.9, 82, 11. Inashuka.

Baba ameanza maneno yake, sauti inakwaruza. Kila siku mnachukua damu, mnapika nini huko? Nikamwambia supu. Akasema basi tieni chumvi, ya jana ilikuwa chapwa. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mkulima wa vitunguu, alicheka mpaka akashika mshono wake.

Mdogo wangu Zamir amepiga simu kutoka Novosibirsk, anakoendesha lori. Nikamshikia baba simu sikioni. Shingo mpya, baba, sasa tukutafutie na mke mpya! Mama akasema mtoto huyu hana adabu, huku anatabasamu. Kitinda mimba, anasamehewa kila kitu. Kwa mila yetu nyumba ya kwetu Naryn ni yake, na farasi wa baba, na kiti cha baba dirishani.

Daktari amekazia tena: presha isipande. Ubongo ulizoea damu kidogo, sasa inaingia tele, na presha ikiruka kitu kinaweza kupasuka kichwani. Wiki mbili hizi asighadhabike, asishtuke, asibebe chochote.

Alhamisi, 7 Februari

Zamir amefariki. Lori, barafu, alfajiri. Dereva mwenzake ndiye aliyempigia mama.

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 8 Februari

Wakubwa walikutana kwa shangazi. Baba Mkubwa Sagyn, kaka yake baba, amesafiri kutoka Naryn na wazee watatu. Mama alikuwa kwenye kona, anasugua goti.

Kwetu habari ya msiba haitupwi mtu usoni. Wazee huja wakaketi, wakaanza mbali, wakamleta mtu polepole mpaka mahali penyewe, na mmoja wao ndiye husema. Si kazi ya mke, wala ya mtoto, tena mtoto wa kike. Mpaka siku hiyo kila mtu hufunga mdomo, hata mwezi mzima. Lakini sisi hatuna mwezi. Jeneza linafika kwa ndege Ijumaa ijayo, mazishi ni Naryn siku ya pili yake, na baba lazima ajue mwanawe anazikwa.

Nikawaeleza habari ya presha. Baba Mkubwa akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, na damu yake inasemaje? Nikasema damu bado ina fujo ya upasuaji, siku chache itatulia. Akapiga goti lake. Basi! Damu ikitulia utatuambia, Saikal, nasi tutaingia.

Nikamwambia Baba Mkubwa, damu haipimi moyo. Hizo ni chembe za kupigana na vidonda, hazijui kama mtu ana nguvu ya kusikia. Akasema, wewe tuambie tu ikitulia. Na wazee wote wakaitikia kwa vichwa, wamefarijika. Wamepata kitu cha kusubiri.

Leo 9.6, 72, 20. Jumanne niliomba ishuke. Sasa naomba isishuke.

Hesabu ya utafiti naifanya kwa macho, chembe mia, kijimashine cha kubofya mkononi. Nilifika sitini na tatu, kioo cha hadubini kikaingia ukungu. Nilikuwa nalia bila kujua. Nikafuta, nikaanza upya kutoka moja.

Jumapili, 10 Februari

Siku ya Zamir kupiga simu. Tangu saa tatu baba ameweka simu kifuani.

Saa sita nikamwambia yuko safarini, hakuna mtandao. Baba amefundisha jiografia miaka thelathini na nne. Akasema, Novosibirsk watu milioni na nusu, hawana mtandao? Nikasema amepelekwa mbali, kaskazini. Kaskazini wapi? Sikujua nitaje wapi. Nikataja mji wa kwanza ulionijia. Akasema huo uko mashariki, Saikal, ulikuwa unapata ngapi darasani kwangu?

Nilicheka. Nimecheka mbele ya baba yangu na mdogo wangu yuko kwenye jokofu la maiti. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 11 Februari

7.4. Nyutrofili 63, limfosaiti 28. Nimehesabu mara mbili. Kidonda kikavu, homa hakuna, mwili umekikubali kiraka.

Baba Mkubwa alikuwa ananisubiri kwenye ngazi, kofia mkononi. Imetulia? Nikasema bado. Akaniangalia kidogo. Akasema haya, tutangoja, wewe ndiye unayejua.

Daftarini nimeandika namba ya kweli, ule uongo niliutoa mdomoni tu. Nilitaka apate siku moja zaidi akiwa na watoto wawili.

Jumanne, 12 Februari

Mama alikuja na kifurushi chake, mikate na nyama. Hapati usingizi, chakula hagusi, anatembea kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Akafungua kitambaa. Juu ilikuwepo mikate miwili myembamba, ya mviringo, iliyokaangwa kwa mafuta.

Nilikuwa nabadilisha chupa ya dawa, sikutazama vizuri. Baba aliitazama. Akauliza, leo Jumanne? Mama akasema ndiyo, Jumanne. Baba akachukua mmoja, akaula wote, taratibu, bila chai. Halafu akafungua viganja, akapangusa uso. Nikadhani anashukuru chakula.

Mchana kutwa hakutania mtu.

Jumatano, 13 Februari

11.8. Nyutrofili 83. Limfosaiti 10.

Nikachukua damu nyingine. Ileile. Homa hana. Mshono safi, hauna hata wekundu. Presha 165, juzi ilikuwa 130.

Daktari Tynaliev amepitisha kipimo cha ultrasaundi shingoni mara tatu. Kuna maji kidogo kando ya kiraka. Akasema mara nyingi maji hayo si kitu, ila ukichanganya na hesabu hii — kiraka kikiwa na vijidudu, mshipa hupasuka, na mtu huisha kwa dakika tano. Kesho saa nane anamfungua tena.

Nilirudi maabara nikakaa mbele ya hadubini, na hapo ndipo mikate ya mama ikanijia. Mikate ile hukaangwa saba, kwa ajili ya marehemu. Siku yake ni Alhamisi au Ijumaa. Nani huikaanga siku nyingine, kama msiba si wa nyumbani kwake? Mama aliikaanga Jumatatu, amechanganyikiwa, akafungasha iliyobaki akidhani ni maandazi. Na baba akauliza siku.

Mtu akipata pigo, mwili humwaga homoni zilezile unazomwaga akikatwa kwa kisu. Nyutrofili wanapanda, limfosaiti wanashuka. Nimeyasoma, nimeyaona kwa wagonjwa wengine.

Nikamkimbilia daktari. Nikamwambia baba anajua, hii si vijidudu, hii ni huzuni. Akavua miwani. Akasema inawezekana, lakini nani kamwambia? Nikasema hakuna, ni mikate. Ni mtu wa kwetu, anaelewa mikate. Kisha akasema: kama anajua kweli, nitasubiri, nitampa dawa ya presha na nitamwangalia. Kama hajui, hiyo ni sumu kwenye kiraka, na nikisubiri nitamuua. Nipe hakika.

Nikamwambia basi kamuulize wewe, daktari. Akatikisa kichwa. Nimuulizeje bila kumwambia?

Na mimi je? Nikimuuliza, baba unajua, basi nimeshasema. Binti. Peke yangu, bila wazee, kama nimemtupia jiwe. Na kama nimekosea kuhusu mikate, presha itaruka na nitakuwa nimemuua kwa swali. Nikikaa kimya, wanampasua shingo mara ya pili, mzee wa miaka sitini na saba, na moyo umeshajaa.

Ningesema imetulia ile Jumatatu, angeambiwa kwa heshima, na wazee, mkono wa kaka yake begani. Nimeiba siku moja, na hii ndiyo bei yake.

Nimempigia Baba Mkubwa. Njooni kesho asubuhi. Imetulia? Nikasema njooni tu.

Alhamisi, 14 Februari

Naandika kwenye benchi la ukumbini. Lazima mikono ifanye kitu.

Wazee walisema saa nne. Saa sita hawajafika, gari lao limekwama mtaa wa pili, theluji. Saa sita na nusu nikaingia kuchukua damu. Mkulima wa vitunguu aliniona, akavaa ndara zake, akatoka.

Nikafunga mpira mkononi. Baba alikuwa anatazama dirisha. Akauliza, nimeandikwa tena kwenye orodha ya kisu? Nikasema ndiyo, saa nane. Akasema mwambie huyo daktari kijana asijisumbue, shingoni hamna kitu. Sindano imeshaingia, damu inapanda kwenye kichupa, nikawa naitazama hiyo.

Halafu akauliza, kwetu ardhi imeganda kiasi gani mwaka huu?

Februari, mtu wa Naryn huuliza hivyo kwa sababu moja tu, kaburi.

Ningeweza kusema sijui, baba. Nilikuwa na nafasi hiyo. Nikasema, mpaka kifuani. Wanachoma makaa juu yake tangu jana, ilainike.

Akaitikia kwa kichwa. Akauliza, lori? Nikasema lori. Alikuwa na mtu? Peke yake, baba. Akafumba macho. Machozi yalipita pembeni yakaingia masikioni, hakuyafuta, mkono mmoja nilikuwa nimeushika mimi. Nikachomoa sindano, nikabana pamba, nikaweka kichwa changu kwenye shuka lake. Akanishika nywele. Sijui muda gani.

Akasema, Baba Mkubwa wako atakuwa njiani na wazee, asijue kwamba umesema. Amepita barabara ile mbovu yote kutoka Naryn kwa ajili ya kazi hii. Mwache aifanye.

Nikakimbia ghorofa ya tatu. Daktari yumo ndani na mgonjwa mwingine, kifua kimefunguliwa, hakuna wa kuingia. Nikaacha ujumbe mlangoni kwa msaidizi: baba anajua, asubiri. Akasema atampa akitoka. Lini? Hajui.

Sasa saa nane kasoro kumi. Wazee wamefika, wamepangusa theluji, wameingia wanne na wamefunga mlango. Nesi naye amefika na kitanda cha magurudumu, karatasi ina jina la baba na sahihi ya daktari. Nimesimama mbele ya mlango. Nikamwambia angoje, wakubwa wanaongea. Anasema yeye ametumwa tu.

Namsikia Baba Mkubwa. Ameanza mbali, kama inavyotakiwa — babu yao, mwaka wa theluji kubwa, farasi waliokwenda wasirudi. Sauti ni nzito, ya kukutanisha watu. Anasogea, anasogea. Amefika kwa Zamir, amesema, mwanao huyu mdogo, na hapo amekwama. Hatoki. Nesi ameacha kitanda, ametoa mkono kwenye chuma.

Na baba, kwa sauti yake ile ya kukwaruza, anammalizia kaka yake sentensi.