Mataruma Matatu ya Kushoto

Ujiji, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama na akusomee barua hii ukiwa umeshakula na umekaa vizuri. Mgongo unaendeleaje? Na wewe Mama, kifua kimepoa? Sisi hapa ni wazima. Wema ameota meno mawili na anayajaribu kwenye bega langu. Usingizi nimeshausahau. Baba yake anawasalimu sana.

Juzi Meshack, kijana wako wa kazi, alipita hapa akitokea huko Mwamgongo. Akasema umeacha kuunda boti, na Jumamosi utampa zana zako zote kwa sababu macho yamekwisha. Alisema kwa furaha ya mtu anayepewa, simlaumu. Mimi uji uliungua jikoni nikiwa nimesimama hapo hapo.

Baba, usimpe kwanza.

Nilikuwa sijakwambia kwamba tangu Pasaka naunda boti ndogondogo hapa nyumbani mtoto akilala. Kuna shule imeniomba za kufundishia. Mwanzoni zana zilinisumbua, nilikuwa na visu sita na hakuna kilichofaa. Mzee Hamdani, fundi saa wa mtaani kwetu, alipoviona akaniuliza kama naunda boti au nachinja kuku wa harusi. Akanichagulia kisu kimoja chembamba cha kubadilisha wembe, koleo ndogo ya ncha, tupa nyembamba na msasa laini. Basi.

Ila lenzi ndiyo ilituchukua asubuhi nzima. Alisema watu hukimbilia lenzi kali wakidhani ndiyo bora, kumbe ile ya kukuza mara kumi inakuonyesha sehemu ya ukubwa wa ukucha tu, na unainama mpaka pua inagusa mbao. Hiyo ni ya kukagulia. Ya kufanyia kazi ni ya mara mbili, mbili na nusu, unaivaa kichwani, mikono yote huru, na ubavu mzima wa boti unauona kwa pamoja. Aliposema hivyo nikaiweka lenzi mezani. Akaniuliza, binti yangu, mbona umenyong'onyea? Nikamdanganya kwamba mtoto hakulala.

Mama, kuanzia hapa usiruke hata neno.

Januari, nilipokuja kwenu kwa uzazi wa Wema, Baba ulikuwa unaunda ile boti ndogo ya mvuvi Eliakimu, ya kuchukulia vipimo, kila sentimita moja iwe ishirini kwenye boti kubwa. Ukanipa mataruma, zile mbavu za boti, niyakate kwa kuwa vidole vyangu ni vidogo. Ukanipa na lenzi yako ya mara mbili. Mimi nikajiona najua zaidi, nikachukua ile kali iliyokuwa chini ya sanduku. Mtoto akalia, nikawa namnyonyesha huku nakata. Mataruma matatu ya kushoto yakawa mafupi kwa milimita mbili. Niliona, Baba. Nilikuwa nimechoka, sikukata mengine. Nikaziba pengo kwa gundi na unga wa mbao, nikapiga msasa. Ukaja ukaitazama, ukasema mwanangu una mkono.

Milimita mbili zikawa sentimita nne. Mwezi wa sita boti ya Eliakimu iliposhushwa majini ikalala kushoto, na pale ufukweni wakapiga kelele kwamba inawasikiliza samaki wanasema nini. Wakakwambia, Mzee, safari ijayo mwite mjukuu akupimie. Ukajibu kwamba macho yamekuacha. Nilikuwa nyuma yako, Wema mgongoni. Nilichosema ni pole Baba, basi.

Macho yako hayakukosea. Yalisoma sawasawa kitu nilichokiharibu mimi.

Naomba unisamehe. Lakini hata kama bado hujanisamehe, Meshack asiondoke na zana. Ijumaa nakuja na boti ya abiria, mimi na Wema. Nitakwenda ufukweni kwa Eliakimu na kwa wale waliocheka, niyaseme haya mbele yao, na wewe uwe umesimama hapo wakuone. Usinizuie kwa kunionea huruma eti nanyonyesha. Siku ile nilikuwa nanyonyesha vile vile.

Nisalimieni Feliksi na Mama Mdogo Angelina. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanenu niliyewakosea,
Frida, Mama Wema