Waya wa Kulifundisha Gari Kiholanzi

Jumamosi, 2 Machi

Gari limefika. Jeusi, safi, viti vya ngozi. Nimelinunua kwa bwana mmoja wa Namur, kwa Wabelgiji wa Kifaransa, na kasoro yake ni moja tu — linasema Kifaransa, na sisi ni watu wa Kiholanzi. Menyu Kifaransa, sauti ya kuelekeza njia Kifaransa, hata onyo la mkanda. Lugha nyingine zimo ndani lakini zimefungwa. Griet, mke wangu, kacheka mpaka kashika ukuta. Tumekubaliana: baba yake asijue.

Jumapili, 3 Machi

Griet mwenyewe kamwambia.

Tulikuwa kwa mzee, kahawa na keki kama kila Jumapili. Baba mkwe, mzee Odilon, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Leo kamimina kahawa kwenye kisosi. Ijumaa ya tarehe 15 anapasuliwa jicho la kulia huko Gent. Griet yuko kazini siku hiyo, dereva ni mimi. Akauliza gari jipya likoje. Griet mdomo haukumkaa: zuri, Baba, ila linasema Kifaransa.

Mzee akaweka uma chini. Akasema jeshini maofisa walimwamrisha kwa Kifaransa mpaka akachoka, hataamrishwa tena uzeeni, tena na gari. Hapandi ng'o. Nikasema basi tuchukue la Griet. Dogo, magoti yake yanauma. Teksi? Wezi. Treni? "Nirudi na jicho moja limefungwa kitambaa, nianguke relini, ndicho unachotaka, mkwe?"

Daktari alishasema: akikosa tarehe hii, nyingine ni mwezi wa tisa, na mpaka hapo atakuwa anapapasa kuta. Griet akaniangalia. Ule mtazamo naujua. Nikajisikia nasema nitalifundisha gari Kiholanzi. Nani alinituma.

Jumanne, 5 Machi

Utafiti. Unachomeka waya kwenye soketi chini ya usukani, ncha nyingine kwenye kompyuta, unaingia kwenye akili ya gari, unabadilisha. Rahisi. Shida ni waya upi. Kuna wa magari ya zamani, kuna wa mapya, kuna wa bei ya chipsi na wa bei ya ng'ombe. Kuna waya usio na waya. Kwenye jukwaa la mtandaoni watu wazima wanatukaniana mama zao kwa ajili ya waya.

Mmoja kaniuliza gari langu ni la umbo gani. Nimejibu: zuri. Mpaka sasa wananicheka.

Gari ni la 2013. Nimeagiza wa magari mapya.

Ijumaa, 8 Machi

Waya umefika. Ncha moja imeingia garini vizuri. Nyingine ina plagi nene ya mtandao, na kompyuta yangu nyembamba haina tundu hilo. Mbio dukani, nimenunua kiunganishi. Nimechomeka. Gari kimya.

Kumbe ni la 2013 kwenye karatasi tu. Umbo ni la kizazi cha nyuma, kiwanda kiliendelea kuliunda mpaka likaisha. Ndiyo maana waliniuliza umbo. Mjinga mimi.

Mzee kapiga simu. Limeshasema? Bado, Baba. "Hakuna haraka, mwanangu. Wala usijisumbue." Sauti imechangamka ajabu.

Jumatatu, 11 Machi

Waya wa pili, wa kizazi cha zamani. Una kiswichi kidogo ubavuni. Sikukigusa — usichokijua usikishike. Injini ikajibu, lugha haikujibu. Nikauliza jukwaani. Sogeza kiswichi, ndugu. Nikasogeza, kila kitu kikafunguka. Nikachagua Kiholanzi, nikabonyeza.

Giza. Betri imekata katikati. Kila mtu jukwaani alikuwa ameandika: weka chaja kwanza. Kila mtu.

Griet katoka na aproni yake, akauliza gari linasemaje. Halisemi. Akasema basi angalau si Kifaransa, akarudi ndani. Mimi nikabaki mle garini nimeshika usukani. Nililia kidogo, siwezi kukataa.

Jumatano, 13 Machi

Chaja. Jaribio la kwanza likaamka na Kijerumani. La pili — Kiholanzi! Menyu, sauti, mkanda, vyote. Nimepiga kelele mpaka jirani kachungulia.

Nimempigia mzee. Una uhakika? Ndiyo, Baba. "Hata ule mkanda?" Hata mkanda. Akanipa hongera kwa sauti ya msibani.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa garini, mbele ya nyumba ya mzee. Tulitakiwa tuwe tumeshaondoka.

Katoka na koti la kanisani, kanyoa ndevu, kajikata kidevu. Kapanda. Nikawasha. Sauti ikamwomba kwa adabu afunge mkanda. Mzee akageuka: "Huyu ni Mholanzi."

Nikasema ni Kiholanzi, Baba, si ndicho ulichotaka?

"Hiki ni cha kwao kule Uholanzi. Sikia anavyokwaruza koo. Mimi mtu wa Flandria, Mbelgiji. Siendi hospitali na Mholanzi." Akashuka.

Nilicheka. Nilidhani ni utani. Nikamfuata, nikamkuta kashika geti kwa mikono miwili. Akasema hakulala. Akasema: "Wananipasua nikiwa macho, Wannes. Nitakiona kisu kinakuja."

Nikamwambia hataona kitu, Baba, wewe si una mtoto wa jicho. Akacheka, kidogo tu. Akaenda msalani. Akarudi, akapanda tena, akakaa na kofia magotini. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa: "Ule waya unao?"

Ninao.

"Basi lirudishe kwenye Kifaransa, mwanangu. Nikatae vizuri. Griet atanielewa."

Nimemwambia waya huu haukubali hapa, unakubali Gent tu. Namwonea huruma mpaka kalamu inateleza. Anadhani naandika maelekezo ya gari. Anafikiri. Anautazama waya, ananitazama mimi, anatazama barabara asiyoiona. Mkanda kaufunga mwenyewe.