Waliosimama Nje ya Geti

Alhamisi, Katesh. Mawingu yamekaa juu ya Hanang tangu asubuhi, na mlima hauonekani kabisa. Naandika nikiwa nimeegemea ukuta, simu nimeiweka juu ya tumbo. Mtoto akipiga teke, simu inacheza.

Ninaogopa. Niseme tu hivyo, tusizungushane.

Leo kliniki presha imekutwa juu tena. Nesi alipima mkono wa kushoto, akapima wa kulia, akarudia wa kushoto. Dawa nameza kama nilivyoelekezwa. Chumvi nimepunguza, magadi kwenye maharage nimeacha, chakula chenyewe sasa nakula kama adhabu. Kanitaka nirudi kesho asubuhi, tena nije na begi. Presha ikiwa hivi hivi nitapelekwa hospitali kubwa, na huenda mtoto akatolewa kabla ya wakati wake. Mimba ni ya miezi saba. Ya kwanza iliharibika. Hii naitaka mpaka naogopa kuitaka.

Kisha nesi akaniuliza nyumbani nakaa na nani. Mume wangu ni dereva wa lori la alizeti, wiki nzima yuko barabarani. Nikamjibu kwamba nakaa na redio.

Nilidhani atacheka. Badala yake akavuta kiti karibu, akaniambia mwili uliozoea hofu unasahau kupumzika. Moyo unakimbia hata mtu akiwa amelala. Akasema kuna utulivu ambao mtu hajipi mwenyewe, anaupata kwa kukaa karibu na mtu mwingine aliyetulia, akisikia sauti yake na pumzi yake. Dawa niendelee nazo, alisisitiza, ila katika nyumba kama yangu dawa zinafanya kazi ngumu.

Nikaondoka nimenuna. Kama watu wangekuwa wanauzwa dukani, ningenunua.

Hofu yangu naijua ilikoanzia. Ni asubuhi ile matope yaliposhuka kutoka mlimani yakapita katikati ya mji. Mama Jeni, niliyekuwa nashona naye kibaraza kimoja, cherehani yake ikitazamana na yangu, alikuwa upande wa chini. Tulimzika. Tangu siku hiyo mvua ikianza kugonga bati, mikono yangu inakufa ganzi na siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Ndiyo maana nilinunua redio yenye spika kubwa. Mawingu yakijikusanya naifungulia mpaka mwisho, mahubiri, mpira, matangazo ya dawa za mifugo, chochote, ili nisisikie bati, na siku nyingi naisahau ikiwa imewaka hivyo hadi usiku.

Baada ya msiba watu walikuja kwa muda, kisha wakakatika. Nikasema moyoni kwamba watu wa Katesh ni wepesi wa kuzika na wepesi wa kusahau. Hata Shangazi yangu wa Tlawi, kule Mbulu, aliyenilea, sikumwona. Nikafunga geti la mabati na kinyongo changu nikakifungia humo humo ndani.

Leo mchana mawingu yakashuka. Nikafungulia redio, nikakaa chini na kushika tumbo. Upepo ukavuma, umeme ukakatika.

Kimya.

Halafu nikasikia mtu anakohoa nje.

Nikatoka, nikafungua geti. Alikuwa Mama Gidamis, Mbarabaigi anayeleta maziwa mtaani kwetu kutoka kule bondeni. Amesimama hatua chache kutoka getini, shuka begani, kibuyu mkononi, matone yameshaanza kumwangukia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba taratibu, kama mtu aliyekuja kwenye nyumba kavu siku ya jua. Nikamuuliza kwa nini hakugonga.

"Geti la mtu halipigwi," akasema. "Mtu anasimama, anakohoa, anaita. Mwenye nyumba akitaka, anatoka. Mimi nimesimama hapa siku nyingi. Wewe unasikiliza redio."

Nikaona haya. Kwa sababu hata kwetu Tlawi ni hivyo hivyo. Mgeni hasogelei mlango. Anasimama pembeni ya uwanja, anatoa sauti, anangoja. Asipoitikiwa anaondoka, na akishaondoka mara kadhaa anajua mwenye nyumba anataka kuachwa. Kumlazimisha ni kumkosea. Kuanzia hapo mwenye nyumba ndiye wa kutoka kwenda kusalimia. Nimekua na jambo hili, ningeweza kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza, na limenipita nikiwa nimekaa ndani ya geti langu mwenyewe.

"Hata yule mama wa Mbulu," akaongeza, "mwenye kitambaa cha kanisa, aliyebeba viazi. Tulisimama naye hapa. Akalia kidogo, akarudi."

Shangazi.

Sikupata hata nafasi ya kulia. Mvua ikashuka yote kwa pamoja, tukakimbilia ndani, bati likaanza kunguruma, mtaro wa nyuma ukaanza kutiririsha maji. Pumzi ikanikatikia juu ya kifua. Nilitaka kukimbia, na sikuwa na pa kukimbilia. Mama Gidamis hakuniambia nitulie. Alikaa chini kwenye mkeka, akanivuta nikae ubavuni kwake mpaka bega langu likagusa lake, akalaza kile kibuyu cha maziwa juu ya mapaja yetu. Akashika upande wa shingo, mimi nikashika kitako. Tukaanza kuyasukasuka maziwa yatoe siagi. Kwake, kwangu. Kwake, kwangu. Nilipoharakisha, yeye hakuharakisha, na kibuyu kikanirudisha. Alikuwa ananuka moshi na siagi. Mvua haikupungua hata kidogo. Baada ya muda nikagundua navuta pumzi pale kibuyu kinapokuja kwangu na kuitoa kinapokwenda, na vidole vyangu vinasikia tena ubaridi wa kile kibuyu.

Mtoto akageuka, polepole, kama anayetafuta mahali pazuri pa kulala.

Sitadanganya kwamba nimepona. Presha haijui habari ya siagi, na kesho mashine itasema yake. Begi nimelipanga, kanga na nguo za mtoto ziko juu. Nimempigia mume wangu, yuko njiani kurudi. Kisha nikampigia Shangazi. Nilijiandaa na maelezo marefu, na yote yakanipotea nilipotamka tu shikamoo. Nikamsikia anapenga kamasi, kisha akauliza presha ni kiasi gani na kama gari la asubuhi kutoka Mbulu bado linapitia stendi ile ile. Atanikuta kliniki. Mama Gidamis amesema atanisindikiza yeye mpaka mlangoni, na ikibidi hospitali kubwa, basi huko pia.

Amekwenda kupeleka maziwa yaliyobaki. Kabla giza halijaingia ameahidi kurudi alale hapa.

Umeme umerudi sasa hivi na redio imewaka yenyewe kwa kishindo, nusura nidondoshe simu. Nimeichomoa kwenye ukuta. Mvua bado iko juu ya bati, na moyo unanienda mbio tena. Lakini sifungulii kitu. Nimeacha geti wazi na nimetega sikio katikati ya kelele zote hizi, nisije nikakosa mtu akikohoa.